Tundu la Tatu

Katika nyumba nyingi za huku kwetu, tundu la juu la soketi linajulikana kwa kazi moja: kuchomekwa kalamu. Chaja yenye meno mawili haiingii mpaka vifuniko vidogo vya ndani vifunguke, na vifuniko hivyo vimeundwa vifunguliwe na jino refu la plagi ya meno matatu. Jino hilo likikosekana, mtu anachukua kijiti, kalamu au ufunguo, anabonyeza tundu la juu, chaja inaingia. Watoto wa darasa la tatu wanaujua ujanja huu. Nimewahi kumwona mhadhiri akiufanya mbele ya darasa zima, bila hata kukatisha sentensi aliyokuwa akiisema.

Sikuleta habari ya kalamu ili nimkemee mtu. Nimeileta kwa sababu inaonyesha jinsi tundu hilo lilivyosahaulika. Ni tundu la ethi. Kati ya matundu matatu ya soketi, ndilo pekee ambalo siku ya kawaida halina kazi. Umeme unakuja kwa tundu moja na kurudi kwa jingine. Friji inagandisha, pasi inapata moto, televisheni inaonyesha mpira. Ukikata waya wa ethi leo usiku, kesho asubuhi hakuna mtu nyumbani atakayegundua. Mwaka kesho pia hakuna atakayegundua. Litagundulika siku waya wa moto ndani ya friji utakapochubuka na kugusa bati, na atakayeligundua ni mtu anayefungua friji kutafuta maji, miguu mitupu, sakafu imelowa.

Mimi ni fundi umeme, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu si kufunga bali kupima. Naitwa jengo likishakamilika, au likishazeeka, nizunguke chumba kwa chumba na kifaa changu, nichomeke, nisome, niandike. Mwisho wa karatasi kuna mstari wa sahihi. Insha hii inahusu mstari huo. Nataka kuuliza swali ambalo kwa mtu wa nje linaweza kuonekana dogo: fundi akiandika kwamba soketi ni salama bila kuipima, na soketi hiyo ikawa kweli ni salama, je, amefanya kosa?

Kwanza nieleze tunapima nini, maana bila hilo swali lenyewe halishikiki.

Umeme hauendi mahali bila kurudi ulikotoka. Waya wa moto ukigusa bati la friji, tunataka umeme huo upate njia pana ya kurudi kwenye transfoma kupitia ethi, ili uende mwingi mno na kwa ghafla, sakiti breka ishtuke na kukata. Njia hiyo nzima, kutoka transfoma, kupitia nguzo za mtaani, mita, breka, waya wa ukutani hadi soketi, halafu kurudi kwa ethi hadi transfoma, ni mzunguko mmoja. Kila kipande cha mzunguko huo kina ugumu wake. Jumla ya ugumu huo vitabu vinaiita impidansi ya mzunguko wa hitilafu ya ethi. Hupimwa kwa omu, na namba ikiwa ndogo njia ni nyepesi.

Kifaa changu hukaa mkononi kama redio ndogo na kina waya wenye plagi. Nikikichomeka kwenye soketi yenye umeme, huchota mkondo kutoka waya wa moto na kuupeleka kwenye ethi kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huangalia volti zimeshuka kiasi gani. Kutokana na mshuko huo hukokotoa omu. Kwa maneno mengine, kinatengeneza ajali ndogo sana kwa makusudi, kijue ajali kubwa ingekwendaje.

Chukua breka ya ampea 32 ya aina B, iliyozoeleka kwenye soketi. Ili ikate papo hapo inahitaji mkondo wa mara tano ya ukubwa wake, yaani ampea 160. Gawanya volti 230 kwa 160, unapata omu 1.44. Kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo ndizo nilizofundishiwa, hupunguza kidogo kwa ajili ya siku ambazo volti ziko chini, kwa hiyo kikomo ni omu 1.37. Soketi ikisoma chini ya hapo, breka itakata kabla ya sekunde 0.4 ambazo kanuni inaruhusu. Ikisoma juu ya hapo, hakuna ahadi.

Sasa njoo kwenye nyumba ambayo ethi yake ni fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nyuma ya jiko, jambo la kawaida sana kwetu. Hapo njia ya kurudi inapita kwenye udongo, na udongo si waya. Tuseme mzunguko mzima unasoma omu 60. Friji ikipata hitilafu, mkondo utakaopita ni volti 230 kwa omu 60, chini kidogo ya ampea 4. Pasi ya wati 1000 inakula zaidi ya hapo. Breka ya ampea 32 itauona mkondo huo na kudhani mtu anapiga pasi. Haitakata baada ya sekunde moja, wala baada ya saa nzima. Wakati huo karibu volti zote ziko kwenye bati la friji, zinasubiri mkono. Mwili ambao ngozi yake imelowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1000 hivi. Fanya hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miliampea 200, wakati miliampea 30 tu ndizo zilizochukuliwa kuwa kikomo cha kumlinda mtu.

Ndiyo maana nyumba ya namna hiyo inahitaji RCD, kile kifaa chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Kifaa hiki hakingoji mkondo mkubwa. Kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ukipungua miliampea 30 kinakata. Kwa hitilafu kubwa hukata ndani ya sekunde 0.04. Kikiwepo, hata fimbo ya omu 60 inatosha. Kisipokuwepo, waya wa kijani na njano uliopita kwenye kuta zote ni pambo.

Nimeyaeleza haya yote ili nifike hapa: kwa macho, nyumba hizi zote zinafanana. Soketi ni nyeupe, safi, ina matundu matatu, na umeme unawaka. Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa unaonekana. Huu hauonekani. Kuujua kuna njia moja tu, nayo ni kupima.

Kuna fundi mwenzangu, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi, ambaye hapimi. Anaangalia waya, anavuta kidogo kama umekaza, anachomeka taa yake ya kupimia, anaandika "sawa". Siku moja nilimuuliza kwa heshima, kaka, unajuaje? Akaniambia, "Bwana mdogo, nina miaka 25 kwenye kazi hii. Sijawahi kuitwa kwenye msiba."

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi, kwa sababu si jibu la mjinga. Ndivyo sisi sote tunavyoishi. Sipimi daraja kabla ya kulivuka. Nakula wali kwa mama ntilie bila kuomba cheti cha maabara. Nikianza kudai ushahidi wa kila kitu, sitatoka kitandani. Kama imani isiyopimwa ni kosa, basi binadamu wote tuna hatia kuanzia kifungua kinywa.

Hata hivyo, jibu lake lina nyufa mbili. Ya kwanza ni kwamba ethi haizungumzi mpaka iulizwe, na inaulizwa na hitilafu tu. Miaka 25 ya kimya inaweza kuwa miaka 25 ambayo swali halijaulizwa. Ya pili ni kwamba msiba ukitokea, yeye si lazima apate habari. Mtu akifa kwa kupigwa shoti kwenye friji, familia inasema ni friji, au ni mapenzi ya Mungu. Hakuna anayerudi kumtafuta fundi aliyefunga waya miaka tisa iliyopita. Uzoefu wake hauna mlango wa kupokea habari mbaya, na uzoefu wa namna hiyo haumfundishi mtu kitu.

Mwaka 1877, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Uingereza, William Kingdon Clifford, alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini, na alianza na mwenye meli. Meli ni kuukuu, imekarabatiwa mara nyingi, na inakaribia kupakia familia zinazohamia nchi nyingine. Mwenye meli ana shaka moyoni, lakini anajituliza: imesafiri mara nyingi ikarudi salama, itarudi na safari hii, Mungu hatawaacha watu hao. Anaisukuma shaka mpaka inaondoka kabisa. Meli inazama, anachukua pesa za bima. Kila msomaji anakubali kwamba ana hatia. Kisha Clifford anauliza: je, kama meli ingefika salama? Anajibu kwamba hatia ni ile ile. Mtu huyo asingekuwa safi, angekuwa tu hajagundulika.

Jibu hilo ni kali, na kuna wanaolipinga. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1976, Bernard Williams na Thomas Nagel walijadiliana kuhusu bahati katika maadili, na waliona kwamba kwa kweli hatuwahukumu watu namna hiyo. Mafundi wawili hawakupima. Nyumba ya mmoja ikaua, ya mwingine haikuua. Wa kwanza tunampeleka mahakamani, wa pili tunampa kazi nyingine. Kosa ni moja, lakini hukumu zimeachana kwa sababu ya jambo ambalo hakuna kati yao aliyekuwa na uwezo nalo. Labda tunakosea kuhukumu hivyo. Labda pia kuna kitu halisi katika tofauti hiyo, kwa kuwa mmoja ana maiti mbele yake na mwingine hana.

Kwa upande wangu, naona swali la soketi linafunguka vizuri zaidi nikiacha habari ya meli na kwenda kwenye baraza. Katika baraza lolote la huku kwetu, liwe la ukoo, la mtaa au mahakama yenyewe, shahidi akisema "nilimwona akichukua mbuzi", na baadaye ikathibitika kuwa kweli mtu yule alichukua mbuzi, lakini siku hiyo shahidi alikuwa safarini, tunamwita nani? Tunamwita shahidi wa uongo. Haimsaidii kwamba mbuzi kweli alichukuliwa. Hakuitwa kukisia kilichotokea, aliitwa aseme alichokiona. Uongo wake haukuwa juu ya mbuzi. Ulikuwa juu ya macho yake mwenyewe.

Sahihi yangu chini ya ile karatasi ni ushahidi wa namna hiyo. Haisemi "dunia iko hivi". Inasema "nilikuwepo, nikachomeka, nikasoma". Ndiyo maana mtu anayekula kwa mama ntilie hana hatia na fundi asiyepima anayo. Mla wali hamwazimi mtu yeyote macho yake. Fundi ameazima macho yake kwa watu ambao hawawezi kuona, na wengi wao hatawajua: mpangaji wa mwaka kesho, mtoto ambaye hajazaliwa. Akiandika "sawa" bila kutazama, amewapa macho yaliyofumbwa na kuwaambia yako wazi. Soketi ikiwa salama, amesema uongo wenye bahati. Bado ni uongo.

Nilimwambia kaka yangu yule mawazo haya, na akanijibu kwa hoja ngumu kuliko ile ya kwanza. Alisema kifaa changu kina bei ambayo ingelipa kodi ya chumba kwa miezi mingi. Alisema wateja wake wanajenga tofali kwa tofali, na wakimlipa nauli na chakula anashukuru. "Wewe na kifaa chako unawahudumia wenye uwezo. Mimi nisipokwenda, hawa wanamwita kijana wa bodaboda awafungie."

Ana haki, na sitamjibu kwa kumwambia anunue kifaa. Ila kuna kitu ambacho hakigharimu hata senti, nacho ni kuacha nafasi wazi. Kwenye ile karatasi hakuna anayemlazimisha kuandika "sawa". Anaweza kuandika "sijapima". Neno hilo linamwacha mteja na umaskini wake ule ule na waya wake ule ule, lakini linamwachia pia shaka, na shaka ni mali. Fundi atakayefuata akiona nafasi wazi, atajua pa kuanzia. Akiona "sawa", atapita. Madhara makubwa ya "sawa" ya uongo ni hayo: inalifunga swali, na swali lililofungwa hakuna anayerudi kuligonga.

Mpaka hapo nilidhani nimemaliza. Pima, andika ulichosoma. Usipopima, sema hujapima. Maadili ya fundi yanaenea nyuma ya kiberiti. Kisha nikaitwa kwenye hosteli moja ya wanafunzi wa kike, si mbali na chuo kimoja jijini Dar es Salaam.

Mwenye hosteli, mama wa makamo, alikuwa amejenga upande mpya na kuufunga vizuri, RCD na kila kitu. Alitaka nipime na upande wa zamani, vyumba 12, apate karatasi moja kwa jengo zima. Upande wa zamani ulikuwa na breka tu, hauna RCD, na ethi yake ilikuwa fimbo moja uani. Nikaanza. Chumba cha kwanza omu 44. Cha pili 44. Cha tatu 45. Cha nne 43. Nilishajua jinsi siku itakavyokwisha: omu 44 bila RCD ni sawa na kutokuwa na ethi. Chumba cha tisa, soketi iliyo karibu na dirisha, ambapo msichana mmoja alikuwa ameweka friji ndogo, kifaa kikasoma 0.9.

Mama alikuwa akinifuata na kuchungulia namba. Alifurahi. "Hii ndiyo nzuri kuliko zote, au siyo, mwanangu? Umesema ndogo ndiyo nzuri."

Kwa karatasi alikuwa sahihi. 0.9 iko chini ya 1.37. Katika upande mzima wa zamani, hiyo ndiyo soketi pekee iliyofaulu, na ndiyo iliyonitisha. Nyumba iliyofungwa kwa fimbo ardhini haiwezi kutoa 0.9 kwenye soketi moja na 44 kwenye jirani zake. Udongo haubadiliki kwa kuvuka ukuta. Nilizima, nikafungua. Waya wa tatu haukuwepo kabisa. Soketi ilikuwa imeongezwa baadaye kwa nyaya mbili, na aliyeiongeza alichukua kipande kifupi, urefu wa kidole, akaunganisha nyutro na sehemu ya ethi hapo hapo nyuma ya soketi. Taa ya kupimia ingesema ethi ipo. Kifaa changu nacho kilisema ipo, tena bora, kwa sababu kilikuwa kinasoma njia ya nyutro. Siku nyutro hiyo ingekatika au kulegea popote nyuma yake, umeme ungepita ndani ya friji na kutokea kwenye bati lake. Ili hilo litokee friji haihitaji kuharibika. Skrubu moja iliyolegea ingetosha.

Hapo ndipo kanuni yangu ilipopasuka. Fundi mwaminifu kabisa, aliyepima kila soketi na kuandika kila namba bila kubadilisha hata nukta, angeandika 0.9, angeweka alama ya vema na kuondoka. Ushahidi wake ungekuwa wa kweli: alikuwepo, alichomeka, alisoma. Kwa sheria yangu ya baraza, yeye si shahidi wa uongo. Na angeacha kifo nyuma ya friji ya msichana wa mwaka wa pili.

Kwa hiyo kuona hakutoshi. Namba ni jibu, na jibu linaweza kuwa la kweli kwa swali ambalo hukuuliza. Niliuliza, ethi ikoje? Kifaa kikanijibu, kwa uaminifu, nyutro ikoje. Clifford anatudai ushahidi kabla ya kuamini, lakini ushahidi hauji na maelezo ya unashuhudia nini. Hayo lazima ayalete anayepima, na anayaleta kwa kujiuliza jambo moja la ziada: kama jengo hili ni lile ninalodhani, namba hii inawezekana? Wajibu huo ni mzito kuliko wa kupima, kwa sababu hakuna kisanduku chake kwenye karatasi. Unaweza kuukwepa na hakuna mkaguzi atakayekushika. Unahitaji pia ushuku habari njema sawasawa na unavyoshuku mbaya, na hilo moyo haulitaki. Namba mbaya hutufanya tupime mara ya pili. Namba nzuri hutufanya tushukuru.

Namba pia ina majira yake. Omu 44 zile nilizisoma mwezi wa Aprili, masika, udongo umelowa. Udongo wa kichanga ukikauka ukinzani wake hupanda, na karatasi haipandi nao. Hata ukweli niliouona kwa macho yangu ulikuwa ukweli wa wiki ile.

Nilimweleza mama yote. Hakukasirika. Aliniuliza gharama, nikamtajia, akanyamaza. Kisha akasema kile ambacho nilijua atasema: "Lakini fundi, umeme si unawaka? Miaka yote hiyo wasichana wamekaa humu." Na baada ya muda kidogo: "Nikikosa sahihi yako, mwanangu, kuna watakaoniwekea."

Hakuwa ananitisha, alikuwa anasema ukweli. Kama nia yangu ni mikono yangu ibaki safi, kazi ilikuwa rahisi: nikatae, nipande daladala, nirudi nyumbani na dhamiri iliyofuliwa. Fundi mwingine angesaini jioni ile, na wasichana 12 wangelala palepale. Dhamiri yangu safi isingemkatia mtu umeme. Nikafikiri pia upande wa pili: nisaini, nimpe nafasi ya kupumua, naye arekebishe pole pole. Wengi wa tunaowalaumu kwa kusaini uongo walianza kwa huruma ya namna hiyo.

Nilichokiona kuwa sawa kilikuwa katikati, na hakikuwa kizuri kukitazama. Sikusaini. Lakini pia sikuondoka. Soketi ya chumba cha tisa niliitoa kwenye umeme palepale, bila malipo, na tukahamishia friji upande mpya. Nikamwandikia mama orodha yenye mpangilio: kwanza RCD moja kwa upande mzima wa zamani, maana hiyo peke yake inabadilisha omu 44 kutoka hatari kuwa jambo linalokubalika, mengine yafuate akipata pesa. Aliniomba nisiwaambie wasichana, wasije wakahama. Hilo nalo lilinipa tabu, kwa sababu nyumba ni yake na mteja ni yeye. Nilimwambia mmoja tu, mwenye friji, kwa kuwa mkono uliokuwa unafungua ule mlango ulikuwa wake. Nilihisi kwamba habari ya mwili wa mtu ni ya mtu huyo kabla ya kuwa ya mwenye nyumba. Wale wengine 11 bado nawafikiria. Sina hakika kwamba mpaka niliouchora ulikuwa mahali pake.

Wiki mbili baadaye mama alinunua RCD. Nilikwenda nikaifunga, nikapima tena kila chumba, nikasaini.

Hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuieleza kuhusu kazi hii. Daktari akimponya mtu, mtu yupo, anatembea, anashukuru. Mimi nikifanya vizuri, zao langu ni siku ya Jumatano ambayo msichana anafungua friji, anachukua maji, anakunywa. Hatajua kwamba kulikuwa na Jumatano nyingine. Wema wa aina hii hauna shahidi, na ndiyo maana ni rahisi sana kuughushi: soketi iliyopimwa na isiyopimwa, muuguzi aliyepima shinikizo la damu na aliyeandika 120 kwa 80 kwa mazoea, mwalimu aliyesoma insha 60 na aliyegawa alama kwa kuangalia majina. Siku ya kawaida karatasi zao zinafanana neno kwa neno.

Nadhani wengi wetu tuliosoma tutaishia kwenye kazi za namna hiyo, kazi za kuazima macho. Tutasaini hesabu, ripoti, vipimo, barua za kumthibitisha mtu. Kila mmoja wetu atakuwa na mstari wake chini ya karatasi na mtu mwema mbele yake anayemuuliza kwa upole kama kitu si kinafanya kazi. Majibu ya kweli ni mawili tu, "nimepima, na nimeelewa nilichopima" au "sijapima". La pili si la aibu, ila linauma kidogo kulisema.

Nawe ukihamia chumba kipya, bonyeza kile kitufe cha T. Kama RCD haikati, usinunue friji kwanza. Ikikata, ujue umepima kifaa, hujapima ardhi. Kisha muulize mwenye nyumba ethi ilipimwa lini, na nani, na ilisoma ngapi. Akikujibu kwamba umeme si unawaka, utakuwa umejibiwa.